Maswali ya Wasomaji: Wanafunzi na hewa ukaa, nani anatoa ngapi?

Toleo lililopita tuliandika kidogo kuhusu wanafunzi kupima unyayo wao wa kaboni, yaani hewa ukaa yote inayotoka kwa sababu ya maisha yako wewe, unavyosafiri, unavyopika, unavyokula. Meseji zimemiminika. Nyingine ni za kusalimia tu, asanteni, nyingine zilikuwa na maswali ya maana kweli, basi nimechagua hizi. Ndefu nimezipunguza, msininunie.

*

Shikamoo Anko. Mi niko mwaka wa pili chuo hapa Dar. Mhadhiri katupa kazi kila mtu apime unyayo wake wa kaboni wa mwaka mzima na aseme ataupunguzaje. Nimeingia kwenye kikokotoo cha mtandaoni kimeniambia natoa tani 5 na nusu. Tani Anko! Gari sina, ndege sijawahi kupanda, nakaa geto Sinza na wenzangu wawili, tunapikia gesi, ikiisha kabla ya boom (hela ya mkopo wa chuo) kuingia tunamalizia na mkaa. Niandike hiyohiyo? – Mwanachuo, Sinza

Marahaba. Usiandike hiyo, utachekwa.

Vikokotoo vingi vya mtandaoni vimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya au Marekani. Vinakuuliza nyumba yako inapashwa joto na nini, una magari mangapi, umeruka mara ngapi, na pale unapoacha wazi kwa sababu swali halikuhusu vingine vinakujazia wastani wa nchi yao, ndo maana unatoka na tani tano na geto lako halina hata friji. Wastani wa dunia nzima ni kama tani 4.7 kwa mtu kwa mwaka. Mmarekani anacheza kwenye tani 14 hivi. Mtanzania kwenye takwimu za namna hiyohiyo hafiki hata nusu tani, ila hiyo namba yetu ina mtego, ntakuja nikwambie.

Chukua daftari tufanye wenyewe. Namba za chini ni za mfano, we weka zako.

Usafiri kwanza. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli kama 2.7. Tuseme kwenda na kurudi chuo ni kilomita 20, Coaster inakula lita moja kila kilomita 6 hivi, kwahiyo lita 3.3, kilo 9 za hewa ukaa, lakini mmo humo watu 40 mmebanana mpaka mlangoni, gawanya, kwako inabaki kama gramu 220. Siku 200 za chuo ni kilo 45 kwa mwaka, basi. Ukipanda boda umbali huohuo inakula nusu lita ya petroli na yote ni yako peke yako, ni zaidi ya kilo moja kwa siku, mara tano ya daladala, hapo sijahesabu boda anavyorudi kijiweni mtupu.

Umeme. Hapa mna bahati kwa sababu luku inawapimia bure, uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, hamna haja ya kifaa chochote, tunzeni tu zile meseji za kununua umeme. Mkitumia uniti 30 kwa mwezi watu watatu ni 10 kila mtu, 120 kwa mwaka. Hata tujifanye umeme wote unatoka kwenye mitambo ya gesi asilia, kama nusu kilo kwa uniti, unapata kilo 60, na ukweli uko chini ya hapo kwa sababu siku hizi kuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115.

Sasa jikoni, na hapa naomba uwe makini. Kilo moja ya gesi ya mtungi inatoa kilo 3 za hewa ukaa. Mtungi mdogo wa kilo 6 ni kilo 18, mkitumia mmoja kwa mwezi watu watatu, kila mtu kilo 6, kwa mwaka 72. Mkaa je? Kilo moja ya mkaa wa tanuru letu la udongo inakula kilo 6 mpaka 10 za magogo, na ukijumlisha moshi wa tanurini na wa jikoni, kama ile miti hairudi tena, inafika kilo 7 mpaka 9 kwa kila kilo ya mkaa. Umesema gesi ikiisha mnamalizia na mkaa. Tuseme ni wiki moja tu kwa mwezi, kilo moja kwa siku, ni kilo 84 za mkaa kwa mwaka, mara 7 ni 588, gawanya kwa watatu, 196 kila mtu. Umeona? Wiki moja ya mkaa inaizidi gesi ya wiki tatu karibu mara tatu, na bado mtu atakuja kukwambia gesi sio rafiki wa mazingira kwa sababu inatoka ardhini. Kilo moja ya gesi inapika kama kilo nne za mkaa, piga hesabu mwenyewe.

Halafu nyama. Ng'ombe anacheua, anatoa methani, na methani inapasha dunia joto kama mara 27 au zaidi ya hewa ukaa ukipima kwa miaka 100. Kwa makadirio ya chini kilo moja ya nyama ya ng'ombe inabeba kilo 30 hivi za hewa ukaa, ya ng'ombe anayefugwa kwa ajili ya nyama tu inafika hata mara tatu ya hapo. Robo kilo kwa wiki ni kilo 13 kwa mwaka, yaani 390. Maharage hayafiki hata kilo 2 kwa kilo.

Simu: kuitengeneza tu kiwandani ni kilo 50 mpaka 80, ukikaa nayo miaka mitatu weka 23 kwa mwaka.

Jumla imekuja kama 790. Ongeza wali, mafuta, sabuni, nguo (za mtumba karibu hazihesabiki, zilishahesabiwa kwa aliyezinunua mara ya kwanza), tani mbili huzifiki.

Na ule mtego sasa. Hiyo nusu tani ya Mtanzania ambayo utaikuta kila mahali inahesabu mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji. Mkaa wa kwenye gunia haumo. Ng'ombe hamo. Kwahiyo vile vitu viwili vikubwa kwenye daftari lako ndo hivyohivyo ambavyo takwimu za taifa za aina ile hazivioni. Hicho mwandikie mhadhiri, atakupa A.

Kupunguza? Mnunue mtungi mapema kabla ya kwenda kula chipsi na hela ya boom. Sitanii, mchangishane siku ileile hela inapoingia, au mtafute mtungi wa pili wa akiba, mkaa utoke kabisa. Kama luku inawaruhusu, presha kuka ya umeme inaivisha maharage bila kufika uniti moja.

*

Anko mambo. Mama ananisema kila siku nichomoe chaja ukutani naharibu mazingira. Ni kweli? – Binti, Mwanza

Poa. Kwa mazingira, hapana. Kuijaza simu mpaka mwisho ni kama uniti 0.02, yaani unachaji karibu siku 50 ndo iishe uniti moja, ambayo pasi ya wati 1,000 inaimaliza ikiwaka saa moja tu. Chaja ikikaa ukutani tupu mwaka mzima haifiki uniti 3. Ukitaka kusaidia kupitia simu, kaa na hiyo uliyonayo mpaka ife, badilisha betri, badilisha kioo, usifuate matoleo.

Ila chomoa. Chaja nyingi za barabarani zinaungua, na mama ni mama.

*

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni klabu ya mazingira, sekondari ya bweni mkoa wa Njombe, tuko kidato cha tatu. Tulitaka kila mwanafunzi apime wake lakini tumegundua wote tunafanana, tunakula chakula kimoja, tunalala bweni moja, simu haturuhusiwi. Patroni anasema basi tupime chakula cha shule nzima, jikoni wanatumia kuni. Tunaanzia wapi? – Klabu, Njombe

Marahabani wanangu, na patroni wenu mpeni hongera maana hapo ndipo penyewe. Mtu wa bweni hana unyayo wa peke yake, wa kwake uko kwenye lile sufuria kubwa.

Msianze na kuuliza bohari "tunatumia lori ngapi kwa muhula". Atawapa jibu lakini lori moja linajaa hivi na lingine vile, na zikifika mbichi nusu ya uzito ni maji. Pimeni wenyewe wiki moja. Chukueni ile mizani ya stoo inayopimia maharage, asubuhi kabla wapishi hawajawasha mpime kuni zote zilizowekwa jikoni, jioni mpime zilizobaki, mnatoa. Fanyeni hivyo Jumatatu mpaka Jumapili kwa sababu siku ya makande na siku ya wali hazilingani hata kidogo, mtaona wenyewe makande yanavyomeza kuni. Andikeni pia idadi ya waliokula siku hiyo, sio idadi ya shule kwenye rejista, kuna walioenda nyumbani kufuata ada.

Kilo moja ya kuni kavu ikiungua inatoa kama kilo 1.7 za hewa ukaa. Zidisheni, gawanyeni kwa idadi ya walaji, mna namba ya mwanafunzi mmoja kwa siku.

Sasa kuna jambo ambalo mkienda kwenye mashindano mtaulizwa. Huko Njombe shule nyingi zina shamba la miti, milingoti au paini. Kama kuni zenu zinatoka kwenye shamba ambalo likikatwa linapandwa tena, ile hewa ukaa inanyonywa na miti inayokua, kwahiyo huwezi kuihesabu sawa na ya msitu wa asili uliokatwa ukaachwa hivyo. Andikeni namba zote mbili na mseme kuni zinatoka wapi. Moshi wenyewe lakini haufutwi na mti wowote, unabeba methani na masizi, na mama wanaopika wanauvuta kila siku ya Mungu tangu saa kumi alfajiri. Ingieni mle jikoni mkae robo saa tu, mtatoka machozi yanawatoka.

Kupunguza kuna ya leo na ya kesho. Ya leo: maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku, muda wa kuiva unapungua sana. Kuni zipasuliwe ndogo na zikae bandani zikauke miezi kadhaa kabla ya kutumika. Sufuria zifunikwe, najua mtasema mfuniko wa sufuria la lita 200 hakuna, basi bati safi linatosha. Halafu mrudie kupima wiki nyingine, menyu ileile, mlinganishe. Hapo ndo mtakuwa mmefanya sayansi, sio bango la Siku ya Mazingira.

Ya kesho sio yenu peke yenu. Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na zile za zaidi ya 300 Januari 2025, na upo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe. Agizo ni agizo, hela ni hela, nazijua shule ambazo kuni bado zinaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Lakini mkuu wa shule akienda kuomba majiko ya gesi au bayogesi akiwa na karatasi yenu inayosema tunachoma kilo kadhaa kwa siku, zinatugharimu shilingi kadhaa kwa muhula, anasikilizwa tofauti na akienda na mdomo mtupu. Kama mna ng'ombe wa shule au vyoo vya bweni vinavyojaa kila muhula, ulizieni bayogesi kwanza, maana mtungi wa gesi lazima ununuliwe kila ukiisha na hapo ndo shule nyingi zinarudi kwenye kuni kimyakimya.

*

Niaje Anko, niko campus Eldoret. Rumeti wangu anasema hii story ya carbon footprint ni ya makampuni ya mafuta, eti waliitunga ndio sisi tujilaumu na wao waendelee kuchimba. Na kwani Mwafrika amechafua nini? Nimekosa jibu. – Msomaji, Eldoret

Poa sana. Rumeti wako hajakosea sana, mnunulie chai.

Wazo lenyewe la unyayo lilitoka chuoni, William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel kule British Columbia, Canada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wao walikuwa wanapima ardhi na rasilimali mtu anazotumia. Aliyelipeleka la kaboni mitaani kwa matangazo makubwa ni BP, kampuni ya mafuta, na mwaka 2004 wakaweka kikokotoo mtandaoni kila mtu ajipime. Yaani anayeuza petroli anakuuliza wewe unachoma ngapi. Ujanja huo.

Na la pili pia ni kweli. Afrika nzima haifiki asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, wakati watu ni karibu mmoja kati ya kila watano duniani. Mkenya wa kawaida hafiki nusu tani kwa mwaka, Mmarekani anaimaliza hiyo ndani ya wiki mbili.

Sasa mi nasema hivi: kujilaumu achana nako kabisa, hauna deni. Lakini kupima nako usiache, kwa sababu namba ikishakuwa mkononi unajua nani wa kumuuliza. Stima yenu huko karibu asilimia 90 ni safi, joto la ardhini la Olkaria, maji ya Tana, upepo wa Turkana megawati 310, kwahiyo ukizima taa ya rumu umeokoa tokens zako tu, hewa ukaa karibu hakuna. Ila je jenereta ya campus inakunywa lita ngapi za dizeli stima ikipotea? Kafeteria inapikia nini? Strathmore pale Nairobi waliweka sola za kilowati 600 juu ya paa mwaka 2014, zaidi ya miaka kumi sasa, kwa nini kwenu bado? Hayo maswali hayaendi kwa mwanafunzi, yanaendea ofisi yenye bajeti. BP hawakuweka hilo swali kwenye kikokotoo chao.

*

Anko nikipanda miti kumi si nimeshafuta yangu yote? – Mdau, Singida

Bado. Mti uliokomaa unakadiriwa kunyonya kilo 10 mpaka 25 hivi kwa mwaka, mche wa leo karibu hakuna mpaka upite miaka kadhaa, na Singida hiyo kama hujauzungushia miiba na kuumwagilia kiangazi, mbuzi anaumaliza Krismasi haijafika. Panda, mkuu, panda mwembe ule na maembe, ila usiuingize kwenye hesabu mpaka ukuzidi urefu.

*

Habari kaka. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili Uingereza, nyumbani Tanga. Huku kila mtu chuoni anaongelea kuacha nyama na mifuko ya plastiki. Nimejipima nimepata tani 5 na zaidi, nyumbani nilikuwa sifiki hata moja. Sijabadilika kihivyo, nakula ugali wangu. Nini kimepanda? – Mtanga ughaibuni

Nzuri kaka, pole na baridi. Ugali wako hauna kosa.

Kilichopanda cha kwanza ni nyumba. Nyumba ya kawaida huko inakadiriwa kutumia uniti kama 11,500 za gesi kwa mwaka, kupasha joto na maji ya kuoga, na kila uniti ya gesi ni kama gramu 180 za hewa ukaa, jumla tani 2 kwa nyumba. Mkikaa watano ni kilo 400 kila mtu, ukikaa peke yako unaubeba mzigo wote. Umeme wao umesafishika sana, mtambo wao wa mwisho wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, waliuzima tarehe 30 Septemba 2024, kwahiyo usihangaike na taa, hangaika na dirisha linalopitisha upepo na ile hita inayounguruma rumu nzima mchana wakati uko maktaba.

Cha pili ndo chenyewe: ndege. Dar mpaka London ni kama kilomita 7,500, kwenda na kurudi kiti cha kawaida ni tani moja na nusu hivi, na ukihesabu athari za ile michirizi ya angani inapanda zaidi ya hapo. Safari moja hiyo ni karibu mara mbili ya zile kilo 790 za mwaka mzima tulizomhesabia yule kijana wa Sinza hapo juu, na gesi yake na mkaa wake na nyama yake. Ulienda nyumbani mara ngapi mwaka jana? Maana kama ni Idi na tena harusi, tani 3 zako ziko hapo na hakuna mfuko wa plastiki utakaozifidia.

Siwezi kukwambia usiende kumwona mama yako, nani anaweza. Unganisha tu. Badala ya wiki mbili mara mbili, omba ruhusa uandike tasnifu kutoka Tanga, kaa miezi miwili, intaneti ipo, na Dar mpaka Tanga upande basi. Wenzako wanaoacha nyama halafu wanaruka Hispania kila likizo ndefu, hao waulize wamejipima lini.